Betri ya UPS imekufa, au imelala tu?

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa bado zinatishia tu bila kunyesha, mama mwenye steshenari kule Nkuhungu, hapa Dodoma, alinijia na bajaji. Ndani kulikuwa na UPS mbili, vile vifaa vyenye betri vinavyoishikilia kompyuta umeme ukikatika, zimefungwa kwenye kanga. Baada ya shikamoo na marahaba akazionyesha kwa kidole: "Mwanangu, zote mbili zimekufa. Umeme ukikatika tu, kompyuta inazima hapo hapo. Jana mtoto wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, amepoteza ripoti yake ya fildi, kurasa kumi na moja, mbele ya macho yangu. Hela yake nimemrudishia, lakini ile kazi nitamrudishiaje?"

Nilizifungua, nikachomoa betri, nikaziacha zitulie mpaka jioni, kisha nikazipima kwa mita. Ya kwanza aliinunua miaka minne iliyopita na tangu siku hiyo haijatoka chini ya kaunta. Ilisoma volti 12.9. Ya pili ni ya mwaka jana tu. Msaidizi wake alipoondoka, kompyuta ya pili ilifungwa. UPS ikaachwa ikilia siku umeme ulipokatika mpaka ikanyamaza yenyewe, halafu ikarudishwa kwenye boksi lake hivyo hivyo kwa miezi mitatu. Hiyo ilisoma 11.1.

Betri ya volti 12 ya aina hii ikiwa imejaa na imetulia husoma kati ya 12.7 na 13. Kwa hiyo mtu mwenye mita peke yake angesema kongwe ni nzima na changa ndiyo mfu. Angetupa ambayo ingeweza kuamka, akabaki na ambayo haina kitu. Nimeona kosa hili likifanyika maofisini na mashuleni mara nyingi, na linakula hela za watu. Neno "imekufa" linafunika vifo vinne tofauti, na katika hivyo vinne ni kimoja tu ambacho kwa haki kinaweza kuitwa usingizi.

Kilichomo ndani ya kile kiboksi

Betri ya UPS ndogo kwa kawaida ni kiboksi cha plastiki chenye urefu wa milimita 151, upana 65 na kimo kama 94, kimeandikwa 12V 7Ah au 12V 9Ah. Ah ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Kinakaribia uzito wa kilo mbili na kitu, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi. Ni ufundi wa zamani sana: Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi ya kuchaji mwaka 1859, na kinachotokea ndani ya betri ya mama wa Nkuhungu ni kile kile.

Ndani kuna vyumba sita, yaani seli sita, kila moja ikitoa kama volti 2.1, zimefuatana mpaka zifike 12 na ushei. Kila seli ina mabamba ya aina mbili yaliyozama kwenye asidi ya salfuriki: bamba chanya lina oksidi ya risasi, bamba hasi lina risasi tupu yenye vinyweleo kama sponji. Betri inapotoa umeme, asidi inaingia kwenye mabamba na kuacha juu yake utando wa salfeti ya risasi, huku ile asidi iliyobaki ikizidi kuwa majimaji. Ukichaji, safari inarudi nyuma: salfeti inayeyuka, asidi inapata ukali wake, mabamba yanakuwa safi.

Fikiria ukoko wa ugali. Ukimimina maji kwenye sufuria dakika ile ile mliyomaliza kula, unaachia kwa mkono. Ukiiacha sufuria juani siku tatu, ukoko unakuwa kama saruji na hata mwiko hauutoi. Salfeti ni hivyo hivyo. Ikiwa mpya ni chembe ndogo laini, na chaji ya kawaida inaiondoa yote. Ikikaa kwenye bamba wiki na miezi, chembe zinaungana kuwa fuwele kubwa, ngumu, zisizopitisha umeme. Sehemu ya bamba iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Hicho ndicho kifo cha kwanza, na ndicho cha betri iliyoachwa bila chaji ndani ya boksi. Kama ukoko haujakomaa, unaweza kuurudisha.

Kifo cha pili ni kukauka. Watu huita hizi betri kavu, na jina hilo linapotosha. Ndani haziko kavu, zina unyevu. Asidi imenyonywa kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo kilichobanwa katikati ya mabamba, ndiyo maana unaweza kuilaza ubavu isimwage kitu. Kwenye baadhi utaona herufi AGM, ndizo hizo. Zimefungwa, zikiwa na vizibo vya mpira vinavyofunguka tu gesi ikizidi. Kila gesi inapotoka, maji kidogo yanapotea, na hakuna mlango wa kuyarudisha. Mwaka wa tatu au wa nne kitambaa kinakuwa kama tambara lililosahaulika kwenye kamba. Asidi iliyobaki ni kali, tena kali kuliko ilivyokuwa mpya, kwa hiyo volti zinasomeka vizuri sana. Lakini umeme hauna pa kupita.

Hapo ndipo mita inapodanganya. Ni kama tangi lililojaa juu ya mnara huku bomba limeziba kwa kutu: ukichungulia unaona maji yamejaa, ukifungua koki unapata matone. Mita inachungulia tangi tu, haifungui koki.

Kifo cha tatu ni kuliwa kwa ile fremu ya risasi inayobeba bamba chanya. Inaoza taratibu kwa miaka kwa sababu ya kuchajiwa muda wote, na huko hakuna tiba. Cha nne ni seli moja kupata shoti ndani. Betri inabaki na seli tano, unaichaji usiku kucha na asubuhi, ikishatulia, bado inasoma 10 na pointi kadhaa. Hiyo usihangaike nayo. Ukiirudisha kwenye UPS, chaja itaendelea kusukuma kwa sababu haioni volti inazozitafuta, zile seli tano zitapokea chaji ya seli sita, zitachemka, na kiboksi kitavimba.

Kwa nini hapa kwetu hazifiki miaka mitano

Kwenye karatasi za watengenezaji utasoma kwamba betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano. Soma kwa makini utaona maneno madogo: kwa joto la nyuzi 20 au 25. Kanuni inayotumika na mafundi wote wa betri za risasi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi kama 10 juu ya hapo, umri unagawanyika kwa mbili.

Sasa tazama Dodoma. Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku kuna ubaridi mzuri, na watu hudhani hilo linasaidia. Mchana wa Oktoba na Novemba nje kunafika nyuzi 30 na zaidi. Ndani ya fremu ya duka yenye bati bila dari, panazidi hapo. Ndani ya UPS yenyewe kuna transfoma na chaja vinavyotoa joto saa zote 24, na matundu yake yamejaa lile vumbi letu jekundu. Betri inakaa kwenye nyuzi 35 hadi 40 miezi mingi ya mwaka. Ile ya miaka mitano inakuwa ya miaka miwili na nusu, au pungufu.

Kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui. Chaja ya UPS huishikilia betri kwenye volti kama 13.6 hivi, siku zote, ikiwa imejaa. Joto likipanda, volti hizo zinatakiwa zipungue kidogo, karibu volti 0.02 kwa kila nyuzi moja. UPS kubwa za kwenye vyumba vya seva hufanya hivyo. Hizi ndogo za mezani, nyingi hazifanyi. Matokeo yake, wakati wa joto betri inasukumwa kuliko inavyohitaji, inatoa gesi, inakauka.

Na upande wa pili kuna kukatika kwa umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliua betri nyingi kwa njia ya ukoko: betri inamalizwa mchana, inahitaji saa nane au zaidi ya umeme ili ijae, inapata tatu, inamalizwa tena. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuingia kwenye gridi Februari 2024, hali imekuwa nyingine, na siku hizi nyingi ninazopokea zimekufa kwa joto na uzee. Ndiyo sababu nasema wazi: ukiniletea UPS iliyokaa mezani miaka mitatu au minne Dodoma, sianzi na habari ya kuamsha.

Ushauri mmoja wa bure hapa: itoe UPS chini ya kaunta, iweke mahali penye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na kila baada ya wiki chache piga brashi matundu yake. Ukitenda hilo tu umeongeza miezi.

Balbu ya gari inasema kweli

Kipimo ninachokiamini ni balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55. Ipo kwenye kila duka la spea. Inavuta kama ampea 4.6, mzigo wa kutosha kufungua lile koki.

Kabla hujafika hapo, utaratibu wa kuitoa betri. Zima UPS, chomoa waya wake ukutani, chomoa kila kilichochomekwa nyuma. Usiguse bodi, kuna kapasita zinazobaki na umeme baada ya kuzima, na katika UPS nyingi ndogo, ikiwa imechomekwa ukutani, hata waya za betri zinaweza kuwa na umeme wa nyumba. Vua pete na saa ya chuma. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini bisibisi ikiunganisha terminali zake mbili, inatoa mamia ya ampea kwa mara moja: chuma kinawaka, ngozi inaungua. Piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuchomoa. Ukirudisha nyekundu kwa nyeusi, huenda fyuzi ikaungua, huenda na bodi nzima.

Ikiwa betri imevimba hata haitoki kwenye nafasi yake, hapo kipimo kimekwisha. Usiivute kwa nguvu na bisibisi ukaitoboa. Legeza kava, tanua pande taratibu, itoe, iweke kando.

Isiyovimba, ijaze kwanza, iache itulie saa kadhaa, kisha uiwashie balbu huku mita imeunganishwa. Ile betri kongwe ya mama ilionyesha yote ndani ya sekunde. Nilipogusisha waya, 12.9 ilianguka mpaka 9.2 na balbu ikawa ya njano kama kibatari. Nilipoachia, ikarudi 12.8 kana kwamba hakuna lililotokea. Tangi limejaa, bomba limeziba. Nilimwonyesha mwenyewe mara mbili, na akaelewa bila maneno mengi.

Betri mpya ya 7Ah, kwa balbu hii, huangaza karibu saa moja kabla ya kushuka mpaka volti 10.5. Hapo ndipo unapositisha, usiimalize zaidi. Utauliza: 7Ah kwa ampea 4.6 si ingekuwa saa moja na nusu? Ile 7Ah imepimwa kwa kuvuta kidogo kidogo, ampea 0.35 kwa saa 20. Kadiri unavyovuta kwa pupa ndivyo inavyotoa kidogo. Kompyuta ya mezani na kioo chake, tuseme wati 150, inavuta kwenye betri ampea kama 15. Kwa hiyo hata betri mpya itakupa dakika kumi na kitu tu. UPS ndogo ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Anayetaka kuendelea kuchapa saa mbili gizani anahitaji inverta na betri zake, na hiyo ni habari nyingine.

Kipimo cha balbu nakisoma hivi: ikivuka dakika 40, betri ina kazi ya kufanya. Kati ya 20 na 40, iwekee mzigo mwepesi. Chini ya 20, usimwekee mtu kompyuta juu yake.

Kuiamsha iliyolala

Nilianza na ile changa, ya 11.1. UPS yake ilikuwa inakataa hata kuwaka, maana nyingi zikiona volti ziko chini hivyo hazithubutu, na wengine hudhani bodi ndiyo imeungua.

Chaja yangu ya mezani inaniruhusu kuweka mipaka miwili, wa volti na wa ampea. Niliweka volti 14.4 na ampea 0.7, yaani moja ya kumi ya 7. Saa ya kwanza ilikubali kama ampea 0.05 tu. Hilo ndilo ukoko: bamba limefunikwa, umeme hauna pa kuingilia. Mtu mwenye haraka angesema haichajiki akaacha. Baada ya saa mbili ilikuwa 0.2. Baada ya saa nne ilifika 0.7 na kukaa hapo, kisha kuelekea usiku wa manane ikaanza kushuka yenyewe jinsi ilivyokuwa inajaa. Muda wote nilikuwa naigusa ubavu kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikianza kuwa ya moto, unazima hapo hapo, maana hiyo ina shoti au imekauka na umeme wako wote unageuka joto.

Iliaga chaja asubuhi. Ilipotulia ilisoma 12.8. Balbu ya kwanza: dakika 24. Niliichaji tena, nikarudia: 38. Mzunguko wa tatu haukuongeza kitu, ikabaki pale pale. Ukoko uliokomaa umebaki kwenye bamba na hautatoka.

Ukiwa huna chaja ya namna hii, chaja ndogo ya betri za pikipiki ya kisasa inafaa. Ukiipeleka kwa wale wanaochaji betri za magari, mwambie kabisa kwamba hii haitakiwi kuzidi ampea mbili. Zake zinasukuma tano mpaka kumi, na kiboksi hiki kitachemka. Na popote unapochaji, iwe mahali penye hewa. Betri inayosukumwa sana hutoa haidrojeni, na haidrojeni na jiko la mkaa havikai chumba kimoja.

Kuna njia zinazozunguka mtaani ambazo siziungi mkono, na nitasema kwa nini. Wapo wanaoing'oa kava ya juu, kuvua vizibo vya mpira na kutia maji ya betri kwa sindano. Kwa iliyokauka, ni kweli inaweza kurudisha uhai kiasi. Lakini hujui kila seli inahitaji kiasi gani, vizibo havirudi kukaza kama mwanzo, na baada ya wiki kadhaa una kiboksi kinachovuja asidi chini ya meza anayokaa mtu. Nimeona sketi ya karani iliyotobolewa hivyo. Wengine, kwa kuchanganya majina, hutia asidi yenyewe badala ya maji, na hapo wanaimalizia. Chumvi ya haluli na vidonge vya aspirini pia husifiwa sana. Haluli haiondoi salfeti iliyoganda. Aspirini ndani ya asidi huachia asidi ya siki, ambayo inakula risasi ya bamba chanya. Unapata nguvu ya siku chache kwa kula betri yenyewe. Na kuishtua kwa mashine ya kuchomelea ni hatari tupu. Betri ikipasuka inarusha asidi usoni.

Asidi ikimwagika, mwagia magadi mpaka yaache kutoa povu, kisha osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, halafu hospitali.

Ukiamua kununua

Kwa ile kongwe hapakuwa na mjadala. Tulienda pamoja mjini, na nilifurahi alivyotaka kujifunza mwenyewe kuchagua.

Nenda na betri ya zamani mkononi. Angalia volti, 12 kwa 12. Ah inaweza kuwa ile ile au zaidi kidogo: 9Ah mara nyingi huwa na umbo lile lile la 7Ah na inaingia bila shida, inakupa dakika za ziada. Angalia terminali, vile vibapa vya juu. Vipo vya milimita 4.8 na vya 6.35. Ukichukua vipana, waya yako nyembamba haitaingia. Ukichukua vyembamba, waya pana italegea, na mahali palipolegea panapopita ampea 15 panachoma plastiki.

Kisha mwombe muuzaji akuruhusu kupima. Betri hizi hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu, kama asilimia tatu kwa mwezi, na kwa joto letu zaidi. Iliyokaa dukani mwaka na nusu bila kuchajiwa imeshaanza kuota ukoko ikiwa bado na nailoni yake. Nikikuta inasoma chini ya 12.5 siichukui, hata ikipunguzwa bei. Tafuta pia tarehe iliyogongwa kwenye plastiki. Duka la kwanza tulipata 12.3. Muuzaji alisema, "Dada, hiyo ukiichaji itapanda." Ni kweli itapanda, lakini tumeshaona hapo juu kupanda kwa volti maana yake nini. Duka la tatu tulipata 12.8.

UPS yako ikiwa na betri mbili ndani, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Nyingi za VA 1,500 (kipimo cha nguvu ya UPS) na zaidi ziko hivyo, zimefuatana kufika volti 24. Ukiweka mpya na kongwe, chaja inaziona kama betri moja ya volti 24: moja inazidishiwa, nyingine inapunjwa, na ndani ya miezi unarudi dukani.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni la betri ya gari. Je, nikitoa waya nje nikaunganisha ya 50Ah? Itawaka. Lakini chaja ya UPS ndogo hutoa ampea moja au chini, kwa hiyo 50Ah iliyomalizwa itachukua siku mbili tatu kujaa, na kwa kukatika kwetu haitajaa kamwe. Itakufa kwa ukoko. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde, haipendi kumalizwa. Na UPS yenyewe imetengenezwa ifanye kazi kwa betri dakika kumi na kitu ipoe. Ukiilazimisha saa mbili kwa mzigo mkubwa, transfoma na transista zake zinapata joto ambalo hazikupangiwa. Nimezima moja ya namna hiyo ikiwa tayari inatoa moshi, ofisini, watu wako chai.

Za lithiamu za volti 12.8 zinaanza kuonekana. Ni nyepesi, zinavumilia joto na kumalizwa kuliko risasi. Shida iko kwenye kinga yake ya ndani: nyingi ndogo zimewekewa kikomo cha ampea 10, na kompyuta ya mezani inataka 15, hivyo umeme ukikatika inajizima hapo hapo, kile kile ulichokuwa unakikimbia. Kwa UPS ya ruta tu ni nzuri. Kwa kompyuta, hakikisha kikomo kinazidi ampea unazovuta, la sivyo baki na risasi.

Ile ya zamani inakwenda wapi

Mama alipolipa, kijana aliyekuwa amekaa jirani aliniomba ile betri mfu. Alitaka kuyeyusha risasi yake atengeneze chubwi za nyavu, awapelekee wavuvi wa bwawa la Mtera. Ni kijana mchapakazi, na nilimkatalia kwa upole nikamweleza.

Mvuke na vumbi la risasi havina harufu ya kukutisha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwenye ubongo, kwa namna isiyorudi. Dakar, Senegali, eneo la Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa sababu ya udongo uliochafuliwa na urejelezaji wa betri. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua mtaa mzima. Phyllis Omido alianza kupigania jambo hilo baada ya mwanawe mwenyewe kukutwa na risasi mwilini. Alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiboksi cha kilo mbili ni kidogo, lakini uani kwa kijana yule kuna kuku, sufuria na mtoto anayetambaa.

Kwa hiyo betri mfu isichomwe, isivunjwe, isizikwe shambani na isitupwe kwenye gari la taka. Mpe muuzaji wa betri anayerudisha zilizokwisha, au mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikiwa nzima na kava yake. Ofisi zenye UPS nyingi zikusanye pamoja kisha zimwite mara moja. Risasi hurejelezwa karibu yote mahali panapofanyika vizuri, kwa hiyo ina thamani, na hata mnunuzi wa vyuma chakavu ataitaka. Muulize tu anaipeleka wapi kabla hujampa.

Jioni ile nilifunga terminali za betri kongwe kwa utepe mweusi zisigusane na kitu, nikaiweka kwenye ndoo ya plastiki pamoja na nyingine zinazosubiri kuchukuliwa. Ile mpya niliandika juu yake kwa kalamu nene mwezi na mwaka, pamoja na 12.8, ili atakayeifungua baada yangu asihitaji kumwuliza mtu. Ile ya dakika 38 tulikubaliana isirudi kwenye kompyuta. Mama ameiweka kwenye ruta na taa moja ya LED ya kaunta, mzigo ambao haufiki wati 20, na umeme ulipokatika wiki iliyofuata alinipigia simu akiwa gizani nusu: "Mwanangu, saa nzima imepita na intaneti bado ipo."